Profesa wa Kwenye Simu Alivyoniyeyushia Gauni la Marehemu

Mkono wa gauni uliyeyuka mbele ya macho yangu, saa nne asubuhi, jua linawaka.

Sio kuchanika. Sio kuchuja rangi. Kuyeyuka.

Niliweka pamba yenye dawa juu ya doa, nikasugua mara mbili, kitambaa kikageuka ute na kuninata vidoleni. Nilipoinua pamba, palikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja.

Na gauni lenyewe halikuwa langu.

Naandika haya nikiwa bado na hasira, kwa hiyo nivumilieni.

Mimi ni dobi. Mwaka wa kumi na tisa huu nafua na kutoa madoa kwenye duka la dada yangu mkubwa. Tuna mashine mbili za kufulia, meza ya kupigia pasi na rafu ya chupa za dawa ambazo dada anazijua hata akifumba macho.

Dada ana kanuni moja. Kama hujui nguo ni ya kitambaa gani, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uchome, unuse. Hariri inanuka nywele zilizoungua. Pamba inanuka karatasi. Hariri bandia, ile ya kiwandani inayong'aa vilevile, inanuka siki.

Pua yangu haijawahi kumridhisha hata siku moja.

"Wewe ulipewa pua ya kushikia miwani tu," ananiambia, tena mbele ya wateja. Wateja wanacheka. Mimi nacheka nao, roho inaniuma.

Mwezi uliopita dada akalazwa kwa upasuaji wa macho. Kwa mara ya kwanza duka likabaki mikononi mwangu.

Mumewe, shemeji yangu, akapita siku ya kwanza akaniwekea kwenye simu programu moja ya akili mnemba, zile unazoziuliza swali zinakujibu kama mtu. Yeye anaiita Profesa.

"Shem, ukikwama muulize huyu. Kasoma vitabu vyote duniani."

"Na madoa anayajua?"

"Madoa ni kitu gani kwake? Atakufundisha wewe na dada yako."

Hapo kwenye kumfundisha dada ndipo aliponipata.

Siku mbili za mwanzo Profesa alinisaidia kweli, sitamsingizia. Doa la kutu likatoka. Doa la wino likatoka. Nikaanza kuvimba kichwa.

Siku ya tatu, asubuhi na mapema, akaja muuguzi mmoja mpole, anaolewa Jumamosi. Alikuwa amebeba gauni la harusi kwenye shuka safi. Lilikuwa la mama yake, aliyefariki yeye akiwa na miaka sita. Mama alilishona mwenyewe kwa mkono, akaolewa nalo. Sasa wakati wa kulijaribu, wifi yake alikuwa amelidondoshea rangi ya kucha kwenye mkono wa kushoto.

"Picha zake zote zilipotea tulipohama," akaniambia. "Nimebaki na hili tu."

"Toa wasiwasi, mdogo wangu. Njoo saa kumi jioni, utalikuta jipya."

Alipoondoka nikaligeuza ndani nje. Pindo lilikuwa na mishono midogo, imepangika vizuri mno. Nikajiambia kwamba kuchomoa uzi pale ni dhambi. Uongo mtupu. Niliogopa kunusa nikakosea, sauti ya dada ikaanza kunicheka kichwani.

Nikapiga picha, nikamuuliza Profesa. Tukaandikiana kidogo. Akamaliza kwa kusema ni hariri, dawa ya kufuta rangi ya kucha haitaidhuru, nisugue taratibu.

Kilichofuata mmeshakisoma.

Nilimwandikia Profesa matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa. Mnajua alinijibu nini? "Una haki ya kukasirika. Naomba radhi kwa usumbufu."

Usumbufu. Gauni la marehemu lina tundu, yeye anaita usumbufu.

Nikampigia shemeji.

"Profesa wako kaniua."

"Kafanyaje?"

"Kayeyusha gauni la watu."

"Lakini shem, si wewe uliyesugua?"

Nikamkatia simu. Angekuwa karibu ningemrushia pasi, na ilikuwa ya moto.

Saa kumi muuguzi akaja. Sikumficha. Nikalitandaza gauni mezani. Aliingiza vidole vyake kwenye tundu, akavitazama vinavyotokea upande wa pili. Bora angenitukana.

"Sio mimi," nikasema kwa hasira. "Ni huu mtambo. Ulinihakikishia. Soma mwenyewe."

Nikampa simu kama mtu anayetoa ushahidi.

Akasoma lile jibu la kwamba dawa haitaidhuru. Kisha akapandisha juu, mpaka mwanzo kabisa, maana wauguzi faili la mgonjwa hulisoma tangu ukurasa wa kwanza.

"Dada, na hapa juu pameandikwa nini?" akaniuliza.

Nikainama kusoma. Jibu la kwanza la Profesa lilikuwa hili: "Kwa picha peke yake siwezi kuwa na uhakika. Huenda ni hariri bandia, ambayo huyeyuka ikiguswa na dawa hii. Jaribu kwanza kwa uzi mmoja wa ndani."

Chini yake, maneno yangu mimi: "Mimi ni fundi wa miaka 19. Hariri naijua. Hii ni hariri."

Na yeye: "Asante kwa kunisahihisha. Uko sahihi kabisa, hii ni hariri."

Nilikuwa nimeyasahau yote hayo, naapa. Kichwani mwangu lilibaki jibu nililolitaka.

"Ulipoibishia, uliionyesha kitu gani kipya?" muuguzi akauliza.

"Hakuna."

"Sasa mbona ikabadilika?"

Nikachukua simu yangu, nikaifunika mezani.

Akaanza kulikunja gauni polepole. "Mama yangu alifia wodini," akasema. "Daktari aliandika dozi kubwa. Muuguzi wa zamu akaona, akauliza. Daktari akamfokea kwamba anajua anachofanya. Yule muuguzi akasema sawa, uko sahihi, akamchoma sindano."

Akafunga shuka.

"Mimi nilisomea kazi hii ili niwe yule anayekataa."

Akaondoka na gauni lake. Hakunidai chochote, na hilo ndilo linalonitafuna.

Jumamosi aliolewa akiwa amevaa gauni la kuazima. Najua kwa sababu wifi yake alilileta kwetu kupigwa pasi, na niliyelipiga ni mimi.

Profesa bado namchukia. Anajua mengi, sikatai, na mara ya kwanza alinipa jibu la maana. Lakini ukimkazia macho tu anakuachia, na mtu wa hivyo hafai kukabidhiwa vitu vya watu.

Mimi pia najichukia, maana nilikuwa natafuta mtu wa kunikubalia nikajifanya natafuta ushauri.

Nanyi mnaoziuliza hizi programu dawa za watoto wenu, kesi zenu na ramani za nyumba zenu, kabla hamjaamini jibu la mwisho, pandisheni juu msome mlichoilazimisha iseme.