Kiti cha Kukazia Mtutu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika katika atelié, yaani karakana, ya kikosi cha walinzi wa msitu, pale Masisi, nimevaa ovaroli iliyopigwa pasi, na cheti cha taasisi ya ufundi kikiwa kwapani. Shefu wa atelié, mzee wa Butembo aliyetengeneza malori ya wafanyabiashara kabla ya kuingia katika kazi ya silaha, alikisoma cheti kwa heshima, akanirudishia, kisha akaomba kuona mikono yangu. Alipoiona ilivyo miembamba alifurahi sana. Nilidhani ananidhihaki.

Ninyi mnaoingia katika ufundi huu leo mnapaswa kujua kwamba bunduki za walinzi wakati ule zilikuwa kuukuu, na mvua za Walikale ziliila mitutu yake kwa kutu. Kubadilisha mtutu kulikuwa na utaratibu. Unaubana katika etau, lile jiliwa la mezani, kati ya vipande viwili vya mbao. Spana kubwa inashika karkasi, yaani mwili wa bunduki, sehemu ya mbele penye unene. Hesi, ile mikato ya skrubu, zinapigwa brashi na kupakwa grisi kidogo. Unazungusha kwa mkono mpaka igome, kisha unasukuma mara moja hadi alama mbili, moja ya mtutu na moja ya karkasi, zikutane. Zisipokutana, unafungua na kutafuta sababu. Karkasi ikisokotwa kupita kiasi hujipinda, na kulasi, kile chuma kinachosukuma risasi na kufunga nyuma yake, hukwama njiani.

Haya yote niliyajua, na katika mtihani niliyaandika vizuri. Lakini walinzi waliokuja dirishani kuchukua bunduki zao walikuwa wakiniuliza, kwa kuwa mimi ni mwanamke, kama leo nimewapikia maharage ao sombe, yale majani ya muhogo, na jambo hilo halikuwamo katika mtihani.

Mwezi wa pili, Shefu alikwenda Goma kutafuta vifaa. Papa Bauma, mlinzi mkongwe mzaliwa wa Kalembe, aliniachia bunduki yake nimbadilishie mtutu, kwa kuwa kesho yake angeingia msituni kwa majuma matatu, mahali ambapo majangili hawamwulizi mtu habari za nyumbani. Nilisafisha, nilipaka grisi, nikasukuma. Alama zilikataa kukutana. Ulibaki upana wa punje ya mchele. Dirishani walikuwa wamesimama walinzi wawili. Mmoja akaniuliza kwa upole wa kuudhi, "Dada, tukuitie mwanaume?"

Nilitoka nikaenda garaji ya jirani, nikaazima bomba ambalo mafundi huvika kwenye mpini wa spana wanapofungua nati za magurudumu ya Fuso. Nikalivika, nikasimama imara, nikaegemea kwa mwili mzima. Alama zikakutana. Wale wawili wakapiga makofi wakaenda zao, nami nikaingiza kulasi. Ilikwenda nusu ya njia, ikakwama.

Niliipaka mafuta. Kwa mafuta na kofi la kiganja ilikubali kufunga, na mezani pale hakuna ambaye angegundua. Papa Bauma alipofika alichukua kalamu atie sahihi, akiwa na furaha kama anayempokea mgeni.

"Ile bunduki njo mwenzangu mu pori," aliniambia. "Mama wa nyumbani anajua, na hana wivu."

Kalamu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi nilipomwambia kwamba nimeiharibu. Aliiweka chini, akaivuta kulasi mwenyewe, akasikia ilivyosita.

"Sasa miye nitaenda na nini? Na fimbo?"

Nilimjibu kwamba asiende kabisa mpaka Shefu arudi, na kwamba mimi mwenyewe nitamweleza Komanda, mkuu wa kikosi. Komanda alinisikiliza, akaahirisha safari, akaniagiza niandike ripoti na nisipunguze neno. Niliandika hata lile bomba.

Shefu aliporudi aliufungua mtutu na kupitisha ukucha kwenye ukingo wake. Akanionyesha chembe moja ya mchanga iliyosagika. Ilikuwa imesalia baada ya brashi yangu, nayo ndiyo iliyozizuia alama.

"Bunduki haiko Fuso, dada," akasema. "Alama ikikataa, iko na sababu. Weye ulipiga muntu mwenye alikuwa anakuambia ukweli."

Nilingoja kufukuzwa. Badala yake alicheka kidogo, akaniambia kwamba katika ujana wake yeye alipinda karkasi mbili, kwa bomba la namna ileile. Siku ile ya kwanza alifurahia mikono yangu akidhani wembamba wake utanizuia kukaza kupita kiasi. Kumbe bomba halitazami mikono. Alimpa Papa Bauma karkasi nyingine kutoka ghalani, naye akaondoka siku ya tatu. Kesho yake Shefu alileta kiti kifupi cha kukamulia ng'ombe kutoka kwa wakwe zake wa Nyamitaba, akaishusha etau hadi kimo cha magoti. Tangu hapo, kila mtu alikaza mtutu akiwa amekaa. Aliyekaa ana nguvu za mikono tu. Uzito wa mwili na majivuno huvibakiza kwenye kiti.

Nilipohamishiwa Kalembe, na baadaye Walikale kuwa shefu, nilikwenda na kiti hicho pamoja na karkasi iliyopinda, nikaitundika ukutani juu ya meza. Papa Bauma alirudi salama safari ile na nyingine nyingi. Kila alipochukua bunduki aliuliza jambo moja tu: "Dada, ulikaa?" Nami nilimjibu, "Nilikaa, Papa."

Siku nilipokabidhi funguo za atelié ya Walikale alikuja kuniaga, yeye mwenyewe akiwa mstaafu na mpini wa jembe mkononi. Fundi aliyenirithi, binti mwenye cheti kizuri kuliko changu na mabega mapana, alikuwa amesimama kwenye etau, spana mkononi. Dirishani walinzi walikuwa wakimtazama. Atelié haikuwa yangu tena.

Papa Bauma akainamia dirishani.

"Dada," akamwuliza, "uko unakaza umesimama?"

Binti alimtazama, akatazama karkasi ukutani, kisha, mbele ya watu wote, akavuta kiti kwa mguu na kukaa.