Ndoo ya Mama na Orodha ya Rubani

Ufuta ukikaangwa una harufu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi la shamba, nayo hupita haraka. Ya pili ndiyo yenyewe, nzito na tamu, inayoingia kwenye nywele, kwenye shuka na kwenye madaftari, hata mwalimu wa darasa alikuwa akijua bila kugeuka kwamba mtoto wa Mama Kashata ameingia. Utoto wangu wote pale Nangurukuru ulinuka harufu hiyo ya pili. Ufuta ulikuja kwa magunia kutoka Njinjo, Mama akaupeta, akaukaanga, akauchanganya na sukari iliyoyeyuka, akaumimina kwenye sinia lililopakwa mafuta na kuukata vipande kabla haujakauka. Kisha alijitwika sinia mpaka kituoni, mahali mabasi ya Lindi na Mtwara yanaposimama kidogo ili abiria wanyooshe miguu. Miaka tisa alifanya hivyo bila kuelekezwa na mtu. Mwaka wa kumi Baba alistaafu jeshi, akarudi nyumbani.

Baba alikuwa rubani wa ndege za jeshi. Kabla ya hapo tulimjua kwa likizo tu: anakuja na sabuni na biskuti, anakaa wiki mbili, anaondoka tukiwa bado tunamwonea haya. Safari hii alikuja na sanduku la bati na kitabu kimoja cha biashara alichokuwa amekisoma mpaka kurasa zikaachia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba hakungoja kupewa. Siku ya tatu alilitwaa jembe mwenyewe, akaanza kutufundisha kulima. Alimwambia Mama kwamba biashara na ndege ni kitu kimoja: zote huanguka kwa uzembe mdogo wa ardhini. Akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa herufi kubwa orodha ya vitu vya kukaguliwa kabla ya kutoka nyumbani, na mimi, binti wa miaka kumi na mmoja niliyekuwa na shida zangu nyingine nyingi, nikapewa kazi ya kuisoma kila asubuhi uani huku majirani wakichungulia juu ya ua wa makuti.

"Sinia?" nasoma. "Lipo," Mama anajibu. "Kisu?" "Kipo." "Karatasi?" "Zipo." Na haitoshi kujibu, ilibidi auguse kila kitu kwa mkono, kwani Baba alisema rubani anayekagua kwa macho tu hazeeki. Mama aligusa. Aligusa hata kilemba chake, maana nacho kilikuwa namba saba. Mimi nilikuwa nikitamani ardhi inimeze. Shuleni wenzangu walikuwa wakinipokea kwa "Kilemba?" na darasa zima linajibu "Kipo!" Nilimwambia Mama kwamba nimechoka, nikamwuliza kwa nini na yeye hachoki. Akanijibu kwamba mume wake alikuwa angani miaka yote hiyo na amerudi mzima. Je, abishane naye kwa habari ya kilemba?

Kilemba ningekivumilia. Lakini orodha ilikuwa na upande wa pili, wa vitu vya kuachwa, na hapo ndipo Baba alipoharibu. Mama alikuwa na ndoo ya maji na kopo, ambavyo aliviweka kando ya sinia kituoni. Baba akasema ndege haibebi kisicho na kazi, na ndoo ile haiuzwi, hailiwi, inamchosha tu mbebaji. Akaiandika huko. Halafu akakagua kituo kizima akiwa amefunga mikono nyuma, akanyoosha kidole kujua upepo unatoka wapi, na akaamua kwamba mahali pa Mama, karibu na njia ya chooni, hapafai. Pana vumbi, pana harufu, na jua la mchana linampiga usoni. Akamtengenezea meza nzuri mbele kabisa, hatua kama hamsini, upande usio na vumbi, mahali dereva angeiona kabla hajaegesha. Mama alisema neno moja tu, kwamba pale amekaa miaka tisa. Baba akamjibu kwamba kazi haitazami miaka. Nikimkumbuka akilitamka hilo, mpaka leo nasaga meno.

Pale kituoni mahali ni pa aliyeketi. Hakuna karatasi wala mkutano wa kukurudishia. Ukiinuka, umeinuka. Mama aliinuka asubuhi ya Jumatatu, na kufikia adhuhuri Bi Fatu, mama mmoja aliyehamia kutoka Mtama na kikapu chake cha korosho, alikuwa ameshakunja miguu palepale. Sisi tukakaa mbele, kwenye meza ya rangi ya kijani, upepo safi ukitupepea, na hakuna aliyekuja. Abiria walishuka, wakageuka, wakatupa mgongo. Wiki ya kwanza tulirudi na sinia nusu. Wiki ya pili tulirudi nalo kama tulivyokwenda, tukala kashata asubuhi, mchana na jioni mpaka mdogo wangu akazikataa kabisa. Na Baba? Baba aliongeza vitu vitatu kwenye orodha.

Nilimwona Mama akinyauka. Kazi ile ilikuwa jina lake. Makonda walikuwa wakimwita kwa mbali kabla basi halijasimama, na sasa walimpita kama nguzo ya umeme. Siku moja nikiwa nasoma orodha uani nikafika mwisho, nikaongeza yangu: "Ndoo?" Baba akasema, "Hadija, hiyo haimo." Nikasema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuitumia kwa mtu mzima, "Ndiyo maana hatuuzi." Nilijua nitachapwa. Lakini Mama aliweka sinia chini akamgeukia mumewe. "Baba Hadija, wewe umetufundisha mwezi mzima na sisi tumekusikiliza. Sasa nakuomba kitu kimoja. Njoo ukae kituoni siku saba. Usiguse kitu, usimwelekeze mtu, usiseme. Tazama tu."

Akamgeuzia ile ndoo, kitako juu, akamketisha karibu na Bi Fatu, mkabala na choo. Kwa mtu kama Baba, kunyamaza siku saba kulikuwa kifungo. Siku ya kwanza alifungua mdomo mara nyingi, Mama akimtazama kutoka kule mezani, anaufunga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye alizoea kuwatazama watu kutoka juu sana, wakiwa wadogo kama punje. Siku ya tatu aliona mzee mmoja akitoka chooni, ambako hakukuwa na maji, mikono ameitenga na nguo, anageuka huku na huku akitafuta kitu, kisha anajifuta kwenye koti na kupanda basi bila kununua chochote. Akaja mama mwenye mtoto, naye vilevile. Siku ya tano konda akamwuliza Bi Fatu, "Yule mama wa maji kahamia wapi?" Hakusema mama wa kashata. Watu walikuwa wanafuata maji. Mama aliwamiminia bure, wakanawa, wakajikausha, na mtu aliyenawa mikono mbele ya sinia la kashata anataka nini tena duniani?

Siku ya nane Baba hakusema samahani. Nimengoja neno hilo mpaka nimeota mvi mbili. Alikwenda kwa Bi Fatu, akamwamkia vizuri, wakazungumza, na Bi Fatu akasogeza kikapu chake. "Njooni tu, hapa si kaburini, twatosha wawili," alisema, "ila na mimi wateja wangu wanawe." Kwenye boksi, juu kabisa, kabla ya neno sinia, Baba akaandika: NDOO. Kuanzia hapo maji ya kituoni akayabeba yeye, safari mbili asubuhi na moja alasiri, mpaka alipopata kazi ya kufundisha biashara Lindi.

Siku hizi kituo kimebadilika. Abiria wanashuka na chupa zao za maji, nami nauza kashata Lindi mjini kwenye pakiti zenye jina langu. Baba ameshafundisha wafanyabiashara kutoka Kivinje mpaka Songo Songo, na kila ninakokwenda nakutana na mtu wa kuniambia, "Baba yako alituokoa na zile siku saba zake." Siku saba zake! Wanasema ni nidhamu ya jeshi. Wanasema ni akili ya urubani. Mwezi uliopita nilikwenda kumsikiliza, nikakaa nyuma. Akawaambia vijana wasifungue biashara kabla hawajakaa siku saba wakitazama bila kusema. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hii mlifundishwa jeshini?" Baba akarekebisha miwani. "Ni uzoefu tu," akasema.

Nikasimama. Nikasema uzoefu huo una jina na unaishi Nangurukuru, nikawaeleza yote, ndoo, choo, meza ya kijani. Baba akachukua chaki, akaandika ubaoni kwa zile herufi zake kubwa: SOMOE. "Andikeni," akawaambia. "Ni mke wangu. Nilikaa juu ya ndoo yake."

Nilikwenda Nangurukuru mbio, kifua mbele, kumpelekea Mama habari. Alikuwa anapeta ufuta. Akanisikiliza mpaka mwisho, ungo ukipanda na kushuka mikononi mwake.

"Na uliwaambia," akauliza, "kwamba maji aliyabeba yeye?"

Sikuwa nimewaambia.