Saturnini wa Narung'ombe na Upatanisho Uliomliza

Alizaliwa Mtua, Nachingwea, mwaka 1957, mtoto wa wakulima wa korosho, akabatizwa Saturnini. Mwaka 1984 alipelekwa Narung'ombe, Ruangwa, kuwa katekista, na huko Mungu akamjalia kipaji cha kupatanisha. Mbuzi wa Amri walipomaliza ufuta wa Rahimu, Waislamu wale wawili walimfuata yeye, maana hakuwa na upande. Kila mmoja alisema yake mpaka akachoka, wakakubaliana wenyewe, kisha wakala ugali sahani moja, kama ilivyo desturi ya huko. Ugomvi uliomalizwa kwa sahani hiyo haufukuliwi tena.

Mwaka 2016 alikuja Beatrisi, jicho limevimba. Mumewe, Ildefonsi, alikuwa akimpiga. Saturnini akawakalisha vilevile alivyowakalisha wenye mbuzi na ufuta. "Yameisha, mwalimu," Beatrisi alisema, huku mumewe akimkazia macho. Alikula tonge lake bila kuinua uso, na Saturnini, Mungu amrehemu, aliangalia kwamba amekula tu. Akawaaga kwa baraka. Kabla ya mavuno Ildefonsi alimuua mkewe.

Msibani, Valentina, mama wa marehemu, alimwambia katekista mbele ya watu: "Mwanangu alikuja kwako anamkimbia yule. Wewe ukamrudisha."

Alikwenda kuungama. Padri alimwondolea dhambi, yeye mwenyewe hakuweza kujiondolea, na uchungu ule ulimla mwili mpaka kanzu ikampwaya. Hata hivyo hakuacha kupatanisha. Ila sasa alimwita kwanza kila mmoja peke yake na kumuuliza, "Unamwogopa mwenzako?" Aliyeitikia hakupatanishwa. Saturnini alimsindikiza kwa miguu yake hadi polisi, na wazee wakamsema kwamba mtu wa Kanisa amegeuka mvunja ndoa. Yeye akaendelea kuwasindikiza. Alifariki mwaka 2022, akiomba radhi kwa Beatrisi.

Waamini huuliza miujiza yake. Wapo wanawake wanaopumua leo kwa sababu alikataa kuwapatanisha, na anayetaka muujiza mkubwa zaidi akautafute kwingine. Wanaogombea mpaka wa shamba na wapatanishwe, maana wanaweza kutazamana usoni na kila mmoja akasema la moyoni. Mwenye hofu hana la kusema. Hapo ndipo tulipaswa kumwiga mtumishi huyu, lakini hatumwigi. Jumapili iliyopita, baada ya misa ya kumwombea, wazee wa kigango walimrudisha mwanamke mwingine kwa mume anayempiga, na sisi sote tukapiga makofi.