Fundi Ulimi na pipa la mwisho la klorini

Ratiba ilibandikwa ukutani na mtu ambaye hajawahi kuuonja ule mto. Jumatatu ya kwanza ya mwezi: klorini kwenye bomba kubwa. Basi. Mto uwe umejaa au umekonda kama kamba ya kiatu, ni Jumatatu ya kwanza.

Fundi wa pampu yeye huonja. Kila asubuhi anachota kikombe mtoni, anasukutua, anatema. Mwaka wa kumi na saba huu. Ndiyo maana wanamwita Fundi Ulimi, na tuseme ukweli, si kwa kuonja tu.

Adui yake ni chaza wageni, wadogo kama kucha ya kidole gumba. Hakuna aliyewaalika. Wanajazana ndani ya bomba mpaka maji yanapita kwa kuomba ruhusa.

Jumatatu hiyo kikombe kilikuwa na chumvi. Mvua ilikuwa imegoma, mto hauna nguvu, na bamvua, yale maji makubwa ya bahari, lilikuwa limeisukuma bahari mpaka kwenye pampu. Fundi akaenda akakalia pipa la klorini. Lilikuwa la mwisho. Jingine mpaka mwezi ujao.

"Shuka, mama," meneja akasema. "Fungua koki."

"Leo hawali."

"Nani?"

"Chaza. Wakionja chumvi wanajifungia, hata wiki nzima. Utawamwagia dawa mlangoni, wao wamelala ndani."

"Si chumvi inawaua? Sisi tunawamalizia."

"Chumvi kidogo hivi? Inawaudhi tu, kama unavyoniudhi wewe."

Mlinzi wa lango akakohoa ili asicheke.

"Mwezi uliopita tulifuata ratiba yako," fundi akaendelea. "Tulitoa chaza beleshi moja. Mama mkwe wangu ana miaka sabini na mbili, anapandisha ndoo ghorofa ya nne. Nenda kamsomee yeye hiyo ratiba."

"Ama koki, ama funguo mezani kwangu."

Kufuli la koki lina ufunguo mmoja, na ulikuwa shingoni mwake.

"Huu utanivua nikishakufa. Lete barua."

Barua ikaletwa: onyo la mwisho. Akaisaini palepale juu ya pipa, kwa kalamu ya meneja.

Nyumbani mume wake alikosa raha. "Mke wangu, kazi ikiota mbawa?"

"Iote. Lile pipa likimwagwa bure, mama yako ndiye atakayebeba ndoo, si meneja."

Siku tatu alionja, akatema, akanuna. Meneja akipita anatazama saa. Pipa halina miguu, fundi akamwambia, halitakimbia.

Alhamisi mvua ikanyesha huko juu. Ijumaa mto ukaja umenenepa, ukairudisha bahari kwao. Akasukutua. Maji matamu kabisa. Chaza walikuwa wameachama wanakula kama wako harusini. Hakuaga mtu, akafungua koki.

Jumapili walipolisukutua bomba walitoka chaza wafu toroli kumi na moja, wananuka mpaka barabarani. Jioni maji yakapanda ghorofa ya nne yenyewe.

Meneja akaja, kitambaa puani. "Niandikie mistari miwili tu ya kuomba msamaha, ile barua ya onyo naichana."

"Usiichane. Iache kwenye faili, na chini yake uandike toroli kumi na moja. Halafu sogea, umesimama njiani."