Mlango wa Joyeuse si Avenue

Hapa Mususa, waliopima viwanja waliacha avenue pana ili mgonjwa abebwe mpaka barabarani na maji ya mvua yapate pa kwenda. Kisha Eliezer, mfanyabiashara wa mbao, akajenga nyumba yake katikati ya avenue hiyo, na ofisi ya kartie, yaani ya mtaa wetu, ikajifanya haioni. Maji yakatuama, mbu wakajaa, watoto wetu wakawa hawamalizi mwezi bila homa. Nina hasira hata ninapoandika.

Wagonjwa wakaanza kupita kwa Joyeuse, mjane muuza mandazi, kwa sababu nyumba yake ina mlango mbele na mlango nyuma. Miaka mingi alisogeza meza na viti ili kipoyi, ile machela yetu ya miti, kipite sebuleni. Tulimsifu kwa roho yake nzuri, na sifa hizo ndizo zilizotuponza. Alipokwenda kudai avenue ifunguliwe, chef wa kartie alimjibu akicheka:

"Mais mama, bantu banapita kwako. Donc njia iko." Yaani maadamu watu wanapita kwake, njia ipo, na avenue haina haja ya kufunguliwa.

Joyeuse alirudi akapigilia mbao kwenye mlango wa nyuma. Majirani walisema ameingiwa na roho mbaya. Mimi pia nilinung'unika, mjinga mimi.

Haikupita wiki, jirani yetu Issaka akaja mbio na wenzake, wamembeba mkewe Kahindo kwenye kipoyi. Uchungu ulimshika tangu alfajiri, sasa alikuwa anavuja damu, na kuzunguka bonde zima kungemmaliza. Issaka alimsihi Joyeuse ang'oe mbao.

"Munifuate," Joyeuse akasema. "Avenue iko huku."

Akasukuma mlango wa Eliezer bila hodi. Eliezer alikuwa mezani, anakula. Kipoyi kikapita kati yake na televisheni kuelekea mlango wa nyuma, matope na damu vikadondoka kwenye vigae vyeupe.

"Mama, hii ni nyumba yangu," Eliezer alisema.

"Nyumba ni yako. Chini yake ni avenue."

Mke wa Eliezer akainama na kitambaa apanguse.

"Acha kwanza," Joyeuse akamwambia. "Tutarudi kupitia hapa na mutoto."

Kahindo alijifungua salama hospitalini jioni ileile. Baada ya siku chache alirudi akitembea polepole, mtoto kifuani, Joyeuse mbele yake. Kwa Eliezer walikuta kufuli mpya. Joyeuse akaokota jiwe.