Filamu Yao Ilitaka Mtu Asimame

Nawasalimu ninyi mlio vitandani, na ninyi mnaowauguza. Naitwa Haikaeli, mzaliwa wa Mwika. Kabla ya kuugua nilikuwa fundi cherehani mtaa wa Pasua, na Jumamosi niliigiza filamu na kikundi chetu. Nilicheza chochote nilichopewa: mlevi, mganga, mama wa kanisani. Nilikuwa na nguvu, na nilipenda kutazamwa.

Ugonjwa ulianza na maumivu ya mgongo. Nikasema ni kuinamia cherehani. Nilichua, nikameza vidonge vya maumivu. Nikaanza kuloa jasho usingizini, nikakonda, kisha miguu ikafa ganzi. Siku moja nilikuwa nyumbani Mwika, nakata majani ya ng'ombe migombani, miguu ikakunjika kama si yangu. Nilijikojolea pale chini bila kuhisi. Mama ndiye aliyenikuta. Majirani walisema nimerogwa. Mama hakubishana nao. Alimwita kaka yangu, wakanipeleka hospitali.

Daktari alisema ni kifua kikuu, kimekula mifupa ya mgongo. Nilishangaa, maana sikuwahi kukohoa. Mama aliuliza kama nitatembea tena.

"Mama, ugonjwa wenyewe tutauponya," daktari alisema. "Miguu siwezi kukuahidi. Mmechelewa."

Nililazwa miezi mingi. Niliwekewa mpira wa mkojo. Kidonda cha kulalia kilichimbika juu ya makalio. Harufu yake niliisikia, maumivu yake sikuyahisi. Mama alininywesha mtori wa ndizi na kunigeuza kila baada ya muda. Nilimwambia nataka kufa. Alinigeuza upande wa pili.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo Rehema, binti kutoka Rau, mwenye ugonjwa huohuo. Alizijua filamu zetu zote. Aliyoipenda zaidi ni ile ya msichana wa kwenye kiti cha magurudumu. Anawasamehe waliomroga, anaombewa, anasimama. Rehema aliyakariri maneno yake yote.

Tuliporuhusiwa, kila mmoja alipewa dawa za kuendelea nazo nyumbani. Baadaye mama yake alinipigia simu akilia: Rehema ameacha dawa. Ameshasamehe watu wote, anasubiri kusimama, na kumeza vidonge anaona ni kukosa imani. Nikaongea na Rehema mwenyewe. Nilimweleza kwamba yule msichana wa kwenye filamu ni mzima, alikuja kazini kwa miguu yake na akaondoka kwa miguu yake.

"Dada Haika," alinijibu taratibu, "wewe umekata tamaa. Mimi bado."

Alikufa kabla ya mvua za masika. Makaburini magurudumu ya kiti changu yalizama kwenye udongo, kaka akanivuta kinyumenyume.

Mimi nilimaliza dawa. Daktari aliniambia nimepona. Miguu haikurudi. Nilirudi Pasua na cherehani ya mkono, na hapo ndipo aliponifuata Temu, kiongozi wa kikundi chetu. Alikuwa na filamu mpya ya mlemavu. Aliomba nimwazime kiti changu, nimfundishe binti mmoja mzima namna ya kukikalia, mwishoni angesimama. Nikamwambia nitaicheza mwenyewe, ila sitasimama. Akasema watazamaji wanataka matumaini. Nikamsimulia habari za Rehema. Alinipa pole kwa moyo kabisa, halafu akaenda kutafuta kiti kwingine.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi ulio ghorofani. Nilikwenda pamoja na mama yake Rehema. Tulikubaliana kwamba ikiisha tutaomba kusema maneno machache. Ngazi zikatuzuia. Vijana wa mlangoni walitaka kunibeba juujuu; nikakataa, kovu la kidonda lilikuwa bado laini. Mama Rehema hakutaka kupanda bila mimi, akaketi kwenye ngazi ya chini.

Tuliisikiliza filamu kutoka huko. Mwishoni makofi yalilipuka, watu wakaimba.

"Amesimama?" Mama Rehema aliniuliza.

"Amesimama, mama."

Akajifunika uso kwa kanga. Watu walipoanza kuteremka, aliinuka akasimama mbele yao. "Binti yangu aliingoja siku kama hii mpaka akafa," alisema. Wengi walitupita. Wengine walisimama wakamsikiliza mpaka mwisho, na Temu alikuwa nyuma yao, ameinamisha kichwa.

Temu alichukua muda mrefu kurudi kwangu. Safari hii tulirekodi kwenye nyumba isiyo na ngazi, na maneno yakaandikwa chini ya picha kwa ajili ya viziwi. Nilicheza mwenye nyumba mkorofi. Nilikuwa kwenye kiti changu, na hakuna aliyeniombea nisimame. Waliotazama ni wachache. Filamu ile nyingine bado inatazamwa zaidi.

Namshukuru Mungu, mama yangu, na wauguzi waliosafisha kidonda kile bila kuziba pua. Ndugu zangu, mgongo ukiuma wiki baada ya wiki, nendeni hospitali. Ombeni, lakini dawa mezeni mpaka ziishe. Nanyi mnaotunga michezo, mtuulize kabla ya kutuigiza, na mtuwekee mlango tunaoweza kupita.

Mimi nimepona. Nawaambia hivyo nikiwa nimekaa.