Mdomo wa Dadi na Kura za Pazi

Dadi wa Rutamba alizaliwa na mikono miwili mizima, lakini kazi zote aliuachia mdomo. Mkewe Mboni ndiye aliyelima, akapalilia, akaokota korosho. Dadi alishinda kwa kinyozi akiwasema watu. Alijua kusema, hilo tumpe, na kwa sifa hiyo moja Bwana Evaristo alimtafuta uchaguzi wa mwaka wa sabini ulipofika.

TANU ilisimamisha watu wawili kugombea ubunge wa jimbo, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Jembe alipewa Bwana Evaristo, aliyekaa Dar es Salaam hadi akawa anakula embe kwa kijiko. Nyumba alipewa Pazi, Mngindo aliyeoa Rutamba, mchuuzi wa samaki wakavu aliyewaleta kwa baiskeli kutoka Kiswere. Wajumbe walimpitisha kwa kuwa walihitaji mtu wa kushindwa.

Hata hivyo Bwana Evaristo hakutaka kubahatisha. "Mchafue huyo muuza samaki," alimwambia Dadi, "na ufunguo wa ghala la ushirika utakuwa wako."

Dadi alirudi nyumbani kifua mbele. Alimwambia Mboni kwamba mwaka huu halimi mtu, mume wake ni mweka ghala. Mboni hakuwa mjinga, lakini mgongo ulikuwa umemchosha, na mtu aliyechoka huamini mengi. Wakamwazima Yahya, kaka yake Mboni, shamba lote la mahindi kwa msimu ule.

Wagombea walizungushwa pamoja kwa Landrova moja na kuhutubia kwenye jukwaa moja. Kwenye mkutano wa kwanza Pazi aliongea kwa kubabaika, watu wakaanza kupiga miayo. Ulipofika wakati wa maswali, Dadi akasimama.

"Ndugu mwenyekiti, tangu mgombea huyu afike, nzi wote wa Rutamba wamehamia kwake. Akienda bungeni, wenzake watakaa wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Pazi, badala ya kunywea, akachangamka. "Mtani wangu ana pua nzuri," akasema. "Ndicho kiungo chake pekee kinachofanya kazi."

Uwanja ukalipuka. Hapo ndipo upumbavu wa Dadi ulipokaa, Mmwera mzima aliyesahau kwamba Wangindo ni watani wake tangu enzi za mababu. Tusi la mtani halichafui mtu. Anatukanwa hivyo yule anayehesabiwa kuwa wa nyumbani, yule atakayekuja kukuzika na kukukejeli kaburini. Hadi siku ile Pazi alikuwa mgeni wa kuja. Dadi ndiye aliyewakumbusha watu wote kwamba ni mtu wao.

Mikutano ikaanza kujaa. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kuwasikiliza watani wawili, na Dadi, maskini wa akili, alipoona umati alidhani ni kazi yake inazaa. Akamwita Pazi mwizi wa kuku, mla panya, mwoga aliyekimbia jando. Kila tusi lilimwongezea Pazi kura.

"Mbona wanamshangilia yeye?" Bwana Evaristo aliuliza.

"Wanamcheka, Bwana," akajibu Dadi.

Bwana Evaristo akaona ajaribu mwenyewe. Akasimama na tai yake, akamwita Pazi mnuka samaki. Yeye hakuwa na utani na Pazi, kwa hiyo lake lilikuwa tusi, na wazee wakaangalia chini kwa aibu. Kura zilipohesabiwa, nyumba ilishinda jembe kwa tofauti ndogo sana, na Bwana Evaristo akarudi Dar es Salaam bila kumuaga mtu.

Dadi akaenda kwa Pazi. Alikuta ua umejaa wageni. Akapiga magoti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata mbele ya baba yake, akasema, "Mheshimiwa, nakuomba kazi ya ghala. Sina shamba, sina chakula, mke wangu ataniacha."

Pazi alicheka hadi akashika nguzo. Wageni wakacheka. Dadi akaapa kwa Mungu kwamba hatanii, wakazidi kucheka. Machozi yakamtoka, machozi ya kweli, na wanawake wakapiga vigelegele, maana watani hulia hivyo hivyo kwa mzaha matangani. Mke wa Pazi, Mwanasha, akamkamatia kuku, haki ya mtani, wakamsindikiza hadi njiani kwa shangwe.

Mboni alikuwa mlangoni. Alimtazama mumewe, akamtazama kuku, akauliza ufunguo uko wapi. Dadi akamweleza yote tangu mwanzo, bila kupamba hata neno moja. Rutamba nzima siku ile, ni Mboni peke yake ambaye hakucheka.